Kigugumizi na Gundi ya Pancha: Kujenga Ujasiri wa Kusema Kupitia Kitu Unachokipenda

Lengo hapa ni moja: useme ulichokusudia, kwa neno lile lile ulilolikusudia, hata kama litatoka kwa kukwama. Kuondoa kigugumizi ni habari nyingine. Kwa mtu mzima aliyekuwa nacho tangu utotoni, mara nyingi hakiondoki chote, na anayeahidi kukiondoa ndani ya wiki mbili anakuuzia maneno matupu. Kinachoweza kupungua, tena sana, ni woga wa kukwama, nguvu unazozimaliza katika kupigana na neno, na orodha ya maneno unayoyakimbia.

Hobi inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Kwanza, una la kusema, na anayekusikiliza analitaka. Pili, msamiati wake ni mdogo na unajirudia: utakutana na neno lile lile gumu mara ishirini kwa siku moja bila kulitafuta. Tatu, kuna kitu mezani au mkononi ambacho wote mnakitazama, na hilo huondoa sehemu ya uzito wa macho ya watu usoni mwako. Hiyo sababu ya tatu ina mtego wake, tutaufikia.

Mfano tutakaoufuata ni kuziba pancha ya baiskeli. Kazi hii ina hatua zenye mpangilio, vifaa vyenye majina yaliyojaa konsonanti kavu, na dakika tano katikati ambazo hakuna la kufanya ila kungoja gundi. Anayependa drafti, ushonaji, njiwa au kamera abadilishe tu majina ya vifaa.

Kinachokukwamisha ni nini

Kukwama kuko kwa namna tatu. Kuna kurudiarudia sauti au silabi, kama "ki-ki-kiraka". Kuna kuvuta sauti: "mmmmpira". Na kuna kufungwa, ambako mdomo uko tayari, neno unalijua, lakini sauti haitoki kabisa. Juu ya hayo hupandwa mazoea ya kujinasua: kufumba macho, kupiga paja, kutikisa kichwa, kusukuma pumzi kwa nguvu. Mazoea hayo si kigugumizi chenyewe. Yaliingia kwa sababu siku moja yalisaidia; yakachoka, lakini hayakuondoka.

Chini ya yote hayo kuna kisichosikika: kubadilisha maneno. Mtu anataka kusema "tyubu", anaona "t" inamngoja, anasema "ule mpira wa ndani". Msikilizaji hakugundua chochote. Msemaji amejifunza kwa mara nyingine kwamba "tyubu" ni neno la kuogopwa. Kuna watu wanaosifiwa kwa ufasaha wao kumbe siku nzima wanaruka viunzi.

Chanzo cha kigugumizi cha utotoni ni jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kinatembea katika ukoo. Hakiletwi na woga, ingawa woga hukizidisha. Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5. Watoto wengi huacha wenyewe, na miongoni mwa watu wazima hubaki takriban mtu 1 kati ya 100, wanaume wakiwa wengi zaidi. Kikianza ghafla ukubwani, hasa baada ya kuumia kichwa au kupooza upande mmoja, acha mwongozo huu na uende hospitali.

Jambo moja la kuliweka akilini kabla ya mazoezi yoyote: wengi hawakwami wakiimba, wakisema kwa pamoja na wengine, wakiongea na paka au mtoto mchanga, au wakiwa peke yao bila mtu wa kuwasikia. Ndiyo maana saa nzima mbele ya kioo hukufundisha kidogo sana. Unalifanyia mazoezi jambo ambalo tayari unaliweza. Mazoezi yenye faida yanahitaji sikio la mtu, au angalau uhakika kwamba litakuja.

Kuchagua hobi

Ipime hobi yako kwa maswali haya. Je, unaweza kuizungumzia dakika 10 bila kuishiwa? Je, ina vitu vya kushika, kuonyesha au kutaja kwa majina? Je, wapo watu wengine wanaoitaka, si wale wanaokuvumilia tu?

Kuimba na kuigiza huvutia kwa sababu pale jukwaani kigugumizi kinaweza kutoweka kabisa. Ni furaha halali, na inampa mtu uzoefu wa kusimama mbele ya watu. Lakini ujasiri huo ni mgumu kuuhamisha: aliyeimba beti sita bila kukwama akishuka jukwaani bado atahangaika kuagiza maji. Ukiwa mwimbaji, hobi yako ya mazoezi isiwe wimbo wenyewe. Iwe kumweleza mtu jinsi ulivyoupanga, wapi unavuta pumzi, kwa nini umeushusha ufunguo wake, yaani kiwango cha sauti.

Hobi za kuandikiana tu mtandaoni nazo haziletei mdomo kitu mpaka uanze kutuma ujumbe wa sauti.

Daftari, kabla ya kufungua mdomo

Andika maneno 30 ya hobi yako. Kwa baiskeli: tairi, tyubu, pancha, kiraka, gundi, msasa, pampu, vali, rimu, spoki, breki, cheni, pedali, gurudumu, spana, na kadhalika. Yasome kimoyomoyo ukijifikiria unamwambia mgeni. Weka alama kwenye kila neno linalokukaza kifua. Kwa wengi, alama zitaangukia kwenye p, b, t, d, k na g, kwa sababu sauti hizo huziba njia ya hewa kabisa kabla ya kuiachia. Kwa wengine zitaangukia kwenye irabu. Usishangae: kila kigugumizi kina ramani yake.

Maneno yenye alama ndiyo utakayoyafanyia kazi. Kuanzia leo sheria ni hii: neno likija kichwani, ndilo linalotoka mdomoni. Ukilikwepa, hakijaharibika kitu, ila liandike.

Kisha chora safu nne: *nilitaka kusema nini*, *nililisema?* (ndiyo, hapana, nimebadilisha), *woga kabla* (0 hadi 10), *woga baada* (0 hadi 10). Usiweke safu ya kuhesabu mara ulizokwama. Mtu anayehesabu kukwama huanza kuongea machache ili hesabu ipendeze, na hapo zoezi zima limegeuka kinyume.

Kazi ya mdomo

Mbinu ziko nyingi. Hizi tatu zinatosha kwa ngazi nzima ya mazoezi tutakayoipanda baadaye. Zifanye dakika 10 kwa siku, siku nne au tano za wiki.

*Kujinasua ndani ya neno.* Njia hii ilienezwa na Charles Van Riper, mtaalamu wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Ukifungwa kwenye "pancha", usirudi nyuma kulianza neno upya kwa mbio, kama gari linalorudi kinyumenyume lipate kasi ya kupanda mlima. Baki pale pale. Sikia mahali palipokaza: midomo, ncha ya ulimi, au koo. Legeza mahali hapo kwa kiasi kidogo, acha hewa ipite, halafu ingia kwenye irabu polepole: "p…paancha". Endelea na sentensi. Mwanzoni hutaweza kulegeza ndani ya neno. Basi lisukume mpaka liishe kwa njia yako ya zamani, nyamaza sekunde mbili tatu, kisha liseme tena kwa ulaini na uendelee. Baada ya wiki kadhaa kulegeza kutahamia ndani ya neno lenyewe.

*Mguso mwepesi.* Midomo ya "b" na "p" igusane kama unavyogusa chuma usichojua kama kina moto. Ulimi wa "t" na "d" vivyo hivyo. Kiswahili kinakusaidia kidogo hapa: silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo ukishavuka konsonanti una mahali pa kuegemea. Mzigo uko mwanzoni. Kwenye "mpira", m ni silabi nzima; ipe muda wake puani kabla midomo haijafunguka. Kwenye "gundi", legeza nyuma ya ulimi, halafu uiache "u" ikubebe. Maneno yanayoanza kwa irabu, kama "inchi" na "unene", huanza kwa kupitisha hewa kidogo kabla ya sauti, bila kubana koo.

*Kukwama kwa makusudi.* Hii ndiyo inayokataliwa na karibu kila mtu, lakini ina kazi kubwa. Chagua neno usiloliogopa, likwamishe kwa hiari na kwa ulaini: "ra-ra-rangi", huku ukimtazama msikilizaji. Mara tatu hadi tano katika mazungumzo moja. Kila ukifanya hivyo unaona kwamba mtu amekusikia ukikwama na anga halikuanguka, na safari hii wewe ndiye uliyeshika usukani. Likiteleza likawa kukwama kwa kweli, tumia mbinu ya kwanza.

Kuna ushauri utakaopewa bure kila mahali: "vuta pumzi ndefu kwanza." Usiufuate kabla ya kila neno. Pumzi iliyojaa kifua hukaza koo, na baada ya muda kuvuta pumzi nako kutakuwa zoea lingine la kuondoa. Pumzi ya kawaida ya kuzungumzia inatosha.

Ngazi

Orodhesha mazingira ya hobi yako na uyape alama za woga. Anza na yenye 2 au 3. Kila mazingira ni kidato, yaani kipandio kimoja cha ngazi. Rudia kila kidato angalau mara tatu, siku tofauti, kisha panda. Kipimo cha kupanda ni woga kushuka hadi karibu nusu ya ulipoanzia. Kigugumizi kinaweza kubaki pale pale, na unapanda tu.

Kidato cha kwanza ni kujirekodi dakika mbili ukifanya kazi, huku ukijua kwamba utamsikilizisha mtu mmoja. Uhakika huo ndio unaorudisha kigugumizi, na ndicho tunachokitaka. Usifute, usikate vipande. Isikilize siku ya pili, mara moja. Watu wengi hugundua kwamba kukwama kulikoonekana dakika nzima kulikuwa sekunde tatu.

Kidato cha pili: mtu mmoja unayemwamini, mezani, kazi ikiendelea. Mwambie mapema unachofanya na unachohitaji kwake, kwa maneno mafupi: "Nafanya mazoezi ya kusema. Nikikwama usinimalizie neno, na usiangalie pembeni. Ngoja tu." Asiyeambiwa atakumalizia kwa nia njema na zoezi litaharibika.

Kidato cha tatu ni kumfundisha mtu mmoja kitu kizima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo pancha inapoingia.

Usiandike hotuba. Ukisoma kifungu kile kile mara tano mfululizo, kukwama hupungua, hasa katika mara chache za mwanzo. Jambo hili lilipimwa katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani, tangu miaka ya 1930. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo haidumu. Unaisoma nyumbani jioni, unajiona umepona, kesho yake mbele ya watu kigugumizi kinarejea na maneno uliyoyakariri yanakuponyoka kwa pamoja, maana umefungwa kwenye neno moja na huna njia nyingine ya kupita. Badala ya hotuba, panga vituo. Kila kituo kina tendo moja na maneno mawili ya lazima, basi:

1. Toa gurudumu, maliza hewa iliyobaki. (*gurudumu, vali*)
2. Ingiza vyuma viwili vya kutolea tairi, vikiachana kama sentimita 10, toa upande mmoja wa tairi kwenye rimu, kisha vuta tyubu. (*tairi, tyubu*)
3. Jaza hewa kidogo, izamishe kwenye maji, fuata viputo, kausha, tia alama. (*viputo, tundu*)
4. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka. (*msasa, kiraka*)
5. Paka gundi nyembamba, ngoja dakika 5 hivi mpaka isiwe majimaji. (*gundi, nyembamba*)
6. Bandika, bana kwa nguvu dakika moja. (*kubandika, kubana*)
7. Pitisha kitambaa ndani ya tairi kutafuta mwiba kabla ya kurudisha. Ukisahau hapa, utaziba tena kesho. Rudisha tairi na umalizie upande wa vali. (*mwiba, rimu*)

Sentensi za katikati zijitunge zenyewe kila mara. Mkitoka kituo kimoja kwenda kingine, nyamaza. Kimya cha kazi hakimshangazi mtu yeyote, kwa hiyo ni mahali salama pa kujifunza kwamba kunyamaza kidogo si kosa.

Sasa ule mtego wa macho. Kazi ya mikono inakupa ruhusa ya kuinamisha kichwa, na mwenye kigugumizi ataitumia ruhusa hiyo mpaka iishe. Matokeo yake unaifundisha tyubu kuziba pancha. Fanya hivi: mikono itende kwanza, itulie, ndipo useme, ukiwa umeinua uso. Kukwama kukikujia, macho yabaki kwa mtu. Ukiyaondoa, unamwambia kwamba kuna jambo la aibu linaendelea, naye atakuamini. Mikono ikitembea sawasawa na silabi, kusugua mara moja kwa kila silabi, hilo nalo ni zoea jipya linaloota, lisimamishe mapema.

Dakika tano za gundi

Kueleza hatua ni kazi nyepesi kuliko kujibu maswali. Anayeeleza ndiye mwenye mwendo. Anayeulizwa anadaiwa jibu, jibu lenyewe mara nyingi ni neno moja lisilo na mbadala, na ukimya unaonekana kama kutojua. Ndiyo maana dakika za kungoja gundi ni za thamani: umemaliza vituo vitano, kila mtu amesimama, na lazima mtu aulize kitu.

Usizijaze kwa maelezo ya ziada ili maswali yasije. Wapo wanaojua mengi na wanatumia ujuzi huo kama ukuta. Wanaongea mfululizo mpaka msikilizaji achoke, wakiogopa kuulizwa. Waambie: "Gundi inakauka, ulizeni." Swali likifika, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, ndipo ujibu. Jibu lianze na neno lenyewe. Akiuliza tyubu ya ukubwa gani, sema "inchi ishirini na sita", na usitangulize "yaani, si unajua, kwa kawaida watu wengi hutumia ile ya…". Vitangulizi hivyo ni njia ya kutafuta mbio za kurukia, na lugha yetu ina vingi mno: yaani, eeh, kwa hiyo, sasa, nanihii. Kila mtu huvitumia, na tofauti ni kujua ni lini unavitumia kukimbia.

Namba ni mazoezi bora kwa sababu hazina kisawe. Kadhalika majina ya watu na lako mwenyewe.

Kusema wazi kwamba una kigugumizi

Kabla ya kundi la watu watatu hadi watano, ambalo ni kidato cha nne, anza na sentensi hii au yako inayofanana nayo: "Ndugu zangu, nina kigugumizi. Nikikwama nisubirini, neno litafika. Haya, tuanze na gurudumu." Itamke kwa sauti ile ile utakayotumia kwa gurudumu. Ukiomba radhi, unageuza taarifa kuwa kosa, na watu wataanza kukuhurumia wakati ulitaka wakusikilize.

Kusema hivyo kunafanya kazi pande mbili. Msikilizaji anaacha kujiuliza kama una woga, umesahau au unadanganya. Wewe unaacha kazi ya kuficha, kazi iliyokuwa inakula nusu ya akili yako. Kwa wengi kukwama hupungua baada ya kusema. Ila usiseme kwa tamaa ya hilo, maana siku isipotokea utadhani umeshindwa.

Kidato cha tano, watu 10 hadi 15, hakitofautiani sana na watano isipokuwa katika jambo moja: kujitambulisha kwa zamu. Mduara unasogea, jina lako linakaribia, na kadiri linavyokaribia ndivyo koo linavyobana. Jitolee kuanza. Ikishindikana, wakati wa kungoja wasikilize wanaotangulia na ukumbuke jina moja la jirani. Kulikariri jina lako kimya kimya mara kumi huongeza tu mkazo. Likikwama, litoe lote. Usijiite kwa jina la pili eti kwa sababu lina herufi nyepesi.

Simu

Simu ni ngumu kuliko ana kwa ana. Uso haupo, kimya chako hakionekani kuwa ni cha mtu anayejitahidi, na aliye upande wa pili hudhani laini imekatika. Hobi ina sababu ya kweli ya kupiga: vifaa. Piga simu tano siku moja kuuliza swali lile lile, kwa mfano upatikanaji wa tyubu. Sentensi ya kwanza: "Habari. Nina kigugumizi, naomba usikate simu. Nauliza tyubu ya inchi 26." Ukifungwa, acha hata sauti ndogo ya hewa au ya puani isikike, inamjulisha kwamba upo. Akikata, piga tena hapo hapo kabla woga haujapata kiti. Simu ya pili huwa fupi.

Simu tano mfululizo zina faida kuliko moja kwa siku tano. Ya kwanza na ya pili huwa na woga wa 8, ya nne unaanza kusikia maneno ya mwenzako badala ya moyo wako.

Yanayoharibika

Wiki mbaya zitakuja. Kigugumizi hupanda na kushuka bila sababu inayoonekana, na uchovu humwongezea mtu mzigo. Ukiwa katika wiki hiyo shuka kidato kimoja, usishuke ngazi nzima. Kinachowarudisha watu mwanzo si siku mbaya bali kukaa kimya wiki tatu baada yake.

Anayekumalizia neno, hata akilipata, usilikubali. "Ngoja nimalize mwenyewe," kisha liseme neno ulilolikusudia. Kwa mkubwa: "Mzee, niwie radhi, nipe nafasi nimalize." Anayekwambia utulie: "Nimetulia. Kigugumizi ndivyo kilivyo." Anayecheka mara nyingi amebabaika, mtazame, maliza neno, endelea na kituo kinachofuata. Anayeiga kwa dhihaka hana haki ya kufundishwa kuziba pancha, na kumwambia hivyo kwa sauti ya kawaida, hata kwa kukwama, ni zoezi tosha la siku.

Wanaotengeneza video za hobi wana kishawishi chao: kukata kila kukwama wakati wa kuhariri. Video inapendeza, nawe umetumia saa mbili kujifundisha kwamba sauti yako halisi haifai kusikika. Kata makosa ya maelezo, picha zilizotikisika na kimya cha kutafuta spana. Kukwama kuache.

Mwingine hupanda ngazi yote kwa ufasaha mzuri kwa sababu ameazima sauti: sauti nzito ya "mwalimu", au mwendo wa kuimbaimba. Inasaidia kwa kuwa ni ngeni, na ugeni wake ukiisha msaada nao huisha. Dalili yake ni kwamba watu wa nyumbani hawaitambui sauti hiyo. Irudishe ya kawaida, ukubali kukwama kutakakorudi nayo.

Kama kukwama kunaambatana na maumivu ya koo au shingo, kama umeanza kukwepa kazi, masomo au watu, au kama mazoezi ya miezi mitatu hayajagusa safu ya woga, tafuta mtaalamu wa tiba ya usemi. Mpelekee daftari, litamwokolea vikao viwili vya maswali. Vikundi vya watu wenye kigugumizi pia vipo katika nchi nyingi, na tarehe 22 Oktoba, siku ya kimataifa ya kukitambua kigugumizi, ndiyo rahisi zaidi kuvipata kwa kuwa huwa vinajitokeza hadharani.

Kwa mtoto, usimfanyie ngazi hii. Mpe muda wa hobi yake, keti naye, ongea kwa mwendo wa polepole wewe mwenyewe, punguza maswali, msikilize hadi mwisho bila kumrekebisha. Akiwa amekwama kwa zaidi ya miezi sita, au anaanza kukunja uso na kuacha kusema, mwone mtaalamu mapema. Kungoja hakuna faida.

Kuvuka mpaka wa hobi

Mtu anaweza kuwa hodari wa kuongea karibu na baiskeli na bubu kila mahali pengine. Hobi imekuwa chumba chenye joto na mlango umefungwa. Kwa hiyo vidato vya mwisho viko nje, navyo hupangwa kwa kusogea hatua moja moja.

Kwanza badilisha mada, watu wabaki wale wale: gundi ikikauka, zungumzia habari nyingine kwa dakika mbili. Halafu badilisha watu, mada ibaki: mweleze mgeni kwenye foleni kwa nini tairi lake linaisha upande mmoja. Mwisho badilisha vyote viwili: kuuliza njia, kukataa jambo, kutoa pole, kutaja jina lako kwenye dirisha la huduma. Kila wiki chagua mawili ya aina hii, yape alama za woga, yaandike kwenye safu zile zile nne.

Ukifikia hapo, andika orodha mpya ya maneno 30, safari hii ya kazini au ya nyumbani, na weka alama upya. Maneno kama "pancha" na "tyubu" hayatakuwemo. Jina lako huenda bado limo, na ndilo utakaloanza nalo Jumatatu.